Magoti Yamesagika na Uzito Unapanda: Kutembea, Maji, Baiskeli au Kiti?

Mwenye kilo 95 na magoti yaliyosagika huambiwa mambo mawili yanayoonekana kugombana: apunguze uzito, na asiyachoshe magoti. Anajaribu kukimbia, goti linavimba. Anakaa wiki tatu akilipumzisha, uzito unaongezeka na goti linauma kuliko mwanzo. Huo si uvivu. Amechagua zoezi kwa kuwaangalia wenye magoti mazima, kisha akalidai zoezi lifanye kazi ambayo ni ya sahani.

Tunalinganisha hapa njia nne zinazowezekana kwa mtu wa namna hiyo: kutembea tambarare, mazoezi ya ndani ya maji, baiskeli ya mazoezi, na mazoezi ya kiti. Mwenye nyonga mbovu, maumivu ya kiuno, au mguu mmoja uliodhoofika baada ya kiharusi naye atapata pa kushika.

Tunapimia nini

Kwanza, mzigo kwenye kiungo. Ukitembea tambarare, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili katika kila hatua, na kwenye ngazi zaidi ya hapo. Ndiyo maana kilo chache zina faida kubwa: kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Pili, nishati inayotumika. Namba tulizoweka ni makadirio ya mtu wa kilo 95 kwa dakika 30. Tatu, misuli inayojengwa, hasa ya mbele ya paja, kwa kuwa ndiyo inayolishika goti lisiyumbe. Kisha gharama na mahali pa kufanyia, mambo yanayoharibika mara nyingi, na nani anafaa.

Kwa njia zote nne, pima maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Yakiwa hadi 2, endelea. Kati ya 3 na 5 yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 yamerudi yalipokuwa kabla ya zoezi. Yakipita 5, au kesho yake goti limevimba, kipimo kilikuwa kikubwa: punguza muda au ugumu kwa nusu, usiache kabisa. Na usimeze diklofenaki ili umudu zoezi. Dawa hiyo inaficha namba unayoitegemea, na ikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

Sahani kwanza, njia yoyote utakayochagua

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miezi 18 watu 454 wa miaka 55 na zaidi, wote wakiwa na uzito uliozidi na magoti yaliyosagika. Waliofanya mazoezi peke yake walipungua wastani wa kilo 1.8. Waliobadili chakula peke yake, kilo 8.9. Waliofanya yote mawili, kilo 10.6, na hao ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu na ya utembeaji. Kwa hiyo usichague zoezi kwa kutazama tu ni lipi linachoma zaidi. Chagua lile ambalo goti lako litakuruhusu kulirudia wiki ijayo, na uzito uushughulikie jikoni.

Jikoni kwenyewe, anza na mafuta, kwa sababu hayaonekani. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu watano ikimaliza lita kwa siku tano, kila mmoja anakula kalori 300 na ushee za mafuta kwa siku kabla hajahesabu ugali wala mboga. Andika kwa kalamu juu ya chupa tarehe uliyoifungua. Lita hiyo ikidumu siku kumi, umeshapunguza karibu kalori 160 kwa kila mtu bila kumnyima yeyote chakula. Acha kumimina kutoka kwenye chupa, tumia kijiko: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Tui zito lihesabu kama mafuta.

Wanga unafuata. Gramu 100 za ugali mgumu zina takriban kalori 110 hadi 130, na sahani ya kawaida ya mtu mzima hufika gramu 500. Familia inakula sufuria moja, hivyo huhitaji kupika chako peke yako: pakua ugali wako kwa kikombe cha chai, kimoja tu, na nafasi iliyobaki ijaze sukuma wiki, mchicha au kabichi. Chapati moja ya unga wa gramu 60 iliyokaangwa inakaribia kalori 300, kwa hiyo chapati mbili na chai ya sukari si "kitafunwa". Soda ya nusu lita ni kalori 200 na kitu. Kuitembeza mpaka iishe ni zaidi ya dakika 40, na goti lako huenda halina dakika hizo.

Usipunguze protini. Anayepungua bila protini ya kutosha wala mazoezi ya nguvu hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ya paja ikienda, goti linalegea. Kila mlo uwe na kimojawapo: bakuli la maharage, mayai mawili, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, au dagaa wakavu gramu 30. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi chake.

Lengo la nusu kilo kwa wiki linatosha. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ileile. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kila mara usawa wa kitovu. Aliyekatwa mguu asitumie chati za uwiano wa urefu na uzito, maana hazikutengenezwa kwa mwili wake. Kiuno kitamwambia ukweli zaidi.

Kutembea tambarare

Mzigo: mkubwa kuliko njia nyingine tatu, ingawa unapungua kwa fimbo, viatu na ardhi nzuri. Nishati: kama kalori 140. Misuli: kiasi, kwa kuwa mwendo wa pole haujengi paja. Gharama: karibu hakuna.

Ardhi bora ni udongo ulioshindiliwa au lami isiyo na mteremko. Mchanga mkavu wa ufukweni unamchosha mwenye goti bovu kwa kuwa mguu unazama na kujizungusha. Ukitembea pwani, fuata mchanga uliolowa na kukaza, mahali ufukwe ulipo sawa. Kushuka mlima huumiza goti kuliko kupanda, kwa hiyo njia ya kwenda kwa kushuka na kurudi kwa kupanda si nzuri kwa mwanzo. Vaa raba yenye soli nene na kisigino kilichofungwa. Kandambili hulazimisha vidole kukamata, na hatua inafupika.

Fimbo inashikwa mkono wa upande *usiouma*. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu wa kulia. Wengi hufanya kinyume na kujiongezea mzigo. Urefu wake: simama na viatu, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu zaidi, bega linapanda na shingo itauma. Mpira wa chini ukishakuwa laini, badilisha, hasa kama nyumbani kuna vigae.

Anza na dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, na kila wiki ongeza dakika moja au mbili kwa kila mara. Kasi sahihi ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wanaotumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kama atenololi, wategemee kipimo hicho cha kuongea, si kuhesabu mapigo.

Kinachoharibika zaidi ni Jumamosi. Mtu hakutembea wiki nzima, anatembea saa nzima siku moja, goti linavimba hadi Jumatano, na jumla ya wiki inakuwa saa moja na maumivu ya siku nne. Dakika kumi mara mbili kila siku ni zaidi ya saa mbili kwa wiki, na goti halijui kama umefanya kazi kubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, unaowahusu pia watu wenye ulemavu, unataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Si lazima zifanywe kwa mkupuo.

Inamfaa ambaye maumivu yake hayapiti 5 baada ya dakika kumi, ana njia salama, na hana tatizo kubwa la kuanguka. Haimfai ambaye nyayo zake hazihisi kwa sababu ya kisukari na hana viatu vya kufunika.

Ndani ya maji

Mzigo: mdogo kuliko yote unaposimama. Maji yakifika kiunoni, miguu inabeba kama nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, karibu theluthi. Yakifika shingoni, kama sehemu moja ya kumi. Mtu wa kilo 95 akisimama kwenye maji ya kifua, miguu yake inahisi kilo 30 na kitu. Nishati: kama kalori 200 hadi 250, kwa sababu maji yanapinga kila upande. Misuli: mwili mzima kwa wastani, lakini kwa kuwa mzigo umeondolewa, mifupa na mapaja hayapati kazi ya kusimama. Anayechagua maji aongeze mazoezi ya kusimama na kukaa kitini siku mbili kwa wiki.

Huhitaji kujua kuogelea. Tembea mbele dakika tano, rudi kinyumenyume tano, kwa ubavu tano, kisha inua magoti kwa kupishana huku viganja vilivyofunguliwa vikisukuma maji. Ukijua kuogelea, epuka mateke ya chura, kwa kuwa yanauvuta upande wa ndani wa goti. Piga miguu juu na chini kwa mwendo mfupi.

Bwawa lina kiingilio, na kwa wanaoishi mbali nauli hupita kiingilio. Wa pwani wana bahari, lakini bahari ina ratiba yake. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mahali palipokuwa na maji ya kifua saa moja asubuhi panaweza kuwa jangwa la mchanga saa sita mchana. Muda huo husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo "kila siku saa kumi na mbili asubuhi" haifanyi kazi baharini. Uliza wavuvi au tazama kalenda ya maji, panga wiki nzima, na uwe na mtu wa pili. Vaa viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa. Wa Mwanza, Kisumu na kando nyingine za Ziwa Victoria watumie bwawa: ziwani kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba.

Kwa wanawake wanaojistiri, vazi la kuogelea la kufunika mwili ni salama. Dera na khanga ndani ya maji si salama, kwani vinajisokota miguuni na vikilowa vinavuta chini. Baadhi ya mabwawa yana saa za wanawake pekee. Ulizia kabla ya kukata tamaa.

Makosa hutokea mwishoni. Ukitoka, uzito wote unarudi ghafla na miguu inakuwa mizito. Wengi huanguka hapo. Simama dakika moja kwenye maji ya kiuno, kisha toka kwa ngazi pana zenye kishikio badala ya ngazi ya chuma iliyosimama wima. Maji baridi pia huamsha njaa kali, na mihogo ya kukaanga inayouzwa nje ya ufukwe inafuta kazi yote. Beba yai la kuchemsha na maji ya kunywa, maana ndani ya maji unatoka jasho bila kulihisi.

Yanamfaa mwenye uzito mkubwa sana, anayeshindwa kusimama dakika tano nchi kavu, na mwenye magoti na kiuno kwa pamoja. Mwenye kidonda wazi asiingie, na mwenye kifafa kisichodhibitiwa asiingie bila ruhusa ya daktari na msimamizi pembeni.

Baiskeli ya mazoezi

Mzigo: mdogo, kwa kuwa kiti kinabeba mwili. Nishati: kalori 150 hadi 200. Misuli: mapaja, vizuri. Gharama: kubwa ukinunua, ya wastani ukilipia jimu.

Takriban kila kitu kinategemea urefu wa kiti. Kaa, weka *kisigino* kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha sogeza unyayo hadi sehemu ya mbele ikanyage pedali. Goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo. Kiti kikiwa chini mno, maumivu huja mbele, nyuma ya kifuniko cha goti. Kikiwa juu mno, huja nyuma ya goti na kiunoni. Jimu nyingi huachia kiti pale alipokiacha mtu wa kwanza, kwa hiyo kumbuka namba yako ya shimo.

Ugumu uwe mdogo, mzunguko uwe mwepesi: mguu mmoja ushuke mara 15 ndani ya sekunde 15. Wanaoweka ugumu mkubwa wakidhani wanachoma zaidi hulikandamiza goti na kuacha baada ya wiki mbili. Anza dakika 5, ongeza mbili kila mara goti likikubali, hadi 30. Inuka kidogo kila dakika kumi, makalio yasife ganzi.

Kabla ya kununua, soma kibandiko cha uzito. Baiskeli nyingi za nyumbani ni za kilo 100 hadi 120, na ukiwa karibu na kikomo zitayumba. Na goti lisilokunjika kupita pembe mraba haliwezi kuzungusha pedali duara zima. Mtu huyo azungushe nusu mbele, nusu nyuma, au achague njia nyingine. Wapo wanaoinua baiskeli ya kawaida kwa stendi yake ya nyuma na kuikanyagia hapohapo. Stendi ile haikutengenezwa kumbeba mtu anayeyumba juu yake.

Inamfaa anayechoka kwa sababu ya mapaja dhaifu, anayeogopa kuanguka barabarani, na anayeishi mahali ambapo jua au magari hayamwachii nafasi. Mwenye kiuno kinachouma akiinama mbele atafute ile yenye kiti cha kuegemea.

Mazoezi ya kiti

Mzigo: mdogo, na unaupanga mwenyewe. Nishati: kama kalori 100, ndogo kuliko zote. Misuli: hapa kiti kinazizidi njia nyingine kwa mapaja, ukifanya kwa mpangilio. Gharama: kiti.

Kiwe cha mbao au chuma, bila magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Kiti cha plastiki juu ya vigae hutanua miguu na kuteleza chini ya mtu mzito. Kikiwa kifupi, ongeza mto mgumu, maana urefu wa kiti ndio unaoamua goti litabeba kiasi gani.

Simama na ukae mara 8, ukishuka kwa kuhesabu tatu. Nyoosha goti moja mbele, shikilia sekunde 5, mara 10 kila mguu. Likizoeleka, funga kifundoni kifuko cha mchanga cha kilo moja. Rusha ngumi hewani dakika moja, pumzika nusu dakika, mara tano. Zungusha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo na uvute kuelekea kifuani mara 12. Rudia yote mara tatu, siku tatu kwa wiki. Hesabu kwa sauti: anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi hupandisha presha.

Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kuyafanya kivivu. Ngumi zikiwa za pole, kalori hazifiki hata 100. Anayetumia kiti cha magurudumu afunge breki, na avute zaidi kuliko kusukuma, kwa sababu mabega yake yanasukuma kutwa nzima na ndiyo yatakayomwangusha.

Yanamfaa aliyepata kiharusi, asiyeweza kusimama, mlezi asiyeweza kutoka nyumbani, na yeyote anayeanza kutoka sifuri.

Kwa hali yako

Ukishindwa kusimama dakika tano, anza na kiti wiki nne, ukibadilisha mafuta na wanga jikoni. Maji yakipatikana, ongeza mara mbili kwa wiki.

Ukiweza kutembea dakika kumi lakini goti linalalamika usiku, gawanya matembezi, shika fimbo upande sahihi, na fanya kiti siku tatu. Miezi miwili bila nafuu, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akutazame unavyotembea.

Ukiwa na uzito zaidi ya kilo 120, maji au kiti kabla ya baiskeli.

Ukiwa unatumia prednisoloni au deksamethasoni kwa muda mrefu, zungumza na daktari kuhusu dozi kabla ya kujilaumu, kwa kuwa dawa hizo huongeza njaa na uzito. Usiziache ghafla.

Ukiwa na kisukari na unatumia insulini au glibenklamidi, kupunguza wanga na kuongeza mazoezi kwa wakati mmoja kunaweza kushusha sukari kupita kiasi. Dozi irekebishwe na daktari kwanza. Pima kabla ya kuanza na beba vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye karatasi; ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au ukichanganyikiwa, acha, koroga kwenye maji na unywe, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Na kwa yeyote: maumivu ya kifua, goti lililovimba likawa jekundu na la moto, goti lililokwama lisinyooke, au shavu la mguu mmoja lililovimba ghafla ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, si suala la kupunguza dakika.